Lugha ya Kumkabidhi Celestine

Kama hujawahi kukaa kwenye kijiwe chetu, usiniambie unaijua Arlington hii ya Texas. Kiko nje ya duka la Carmel, mama wa Kikongo anayeuza majani ya muhogo, wao wanayaita sombe, unga na samaki wakavu, katikati ya mashine za kufulia nguo na jamaa wa matairi. Benchi lenyewe lilikuwa la kanisa. Kanisa likahamia Cedar Hill, benchi likakataa kuingia kwenye lori, nasi tukalirithi bila hata maombi. Jumamosi asubuhi watu wanaegesha magari hapo, kwa sababu mji huu bila gari wewe ni mfungwa, wanakaa na kubishana mpaka jua liwafukuze. Mimi ni Kagendo, Mmeru, muuguzi, na kila Jumamosi huwa nimetoka zamu moja kwa moja, macho mekundu, subira sifuri. Nakuambia mapema.

Kahawa ya tangawizi huletwa na Gaudence, Mtanzania wa Bukoba, dereva wa malori yale ya magurudumu kumi na manane. Tunamwita Bakita, kama lile baraza lao la Kiswahili, maana ukichanganya maneno mbele yake anaweka kikombe chini kwanza, halafu anakurekebisha, halafu ndiyo anakusalimu. Kando yake hukaa Sadock wa Uvira, anayeendesha forklift kwenye ghala moja huko Grand Prairie. Huyo ni Préfet. Alikuwa mkuu wa shule ya sekondari kwao, na mpaka leo akikaa kwenye benchi anakaa upande wa mbele, kama anayesubiri wanafunzi wanyamaze. Wa nne ni Onyancha, Mkisii, aliyefundisha kemia Nyamira kabla ya kuja huku kutengeneza mashine za hospitali. Yeye hana jina la kijiwe. Ni Baba Celestine tu, na inamtosha.

Jumamosi hiyo Baba Celestine alikuja na karatasi. Akakaa, akakataa kahawa, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaanza kusoma kwa sauti ya chini huku midomo ikihangaika. Nikasikiliza. Kilikuwa Kifaransa. Mkisii mwenye miaka sitini na moja, saa tatu asubuhi, kando ya duka la matairi, anasema *chers beaux-parents*, wakwe wapendwa, kwa shida ya mtu anayetafuna mfupa. Nikamuuliza kama amepima presha.

Ikabidi tuelezwe. Kesho yake, Jumapili baada ya ibada, familia ya Lévi ilikuwa inakuja nyumbani kwake kumchukua Celestine kwa heshima zote. Lévi ni kijana wa Kikongo, wa Fort Worth, na tunamjua, ni mtoto mzuri, anasalimia. Celestine ndiye binti pekee wa Onyancha. Mama yake, Kwamboka, tulimzika miaka minne iliyopita, na kwa hiyo maneno yote ya kumkabidhi mtoto, ambayo wangeyagawana wawili, yalimwangukia baba peke yake. Hotuba alikuwa ameandikiwa na Préfet. Kwa wiki tatu amekuwa akiifanyia mazoezi ndani ya gari akienda kazini.

Sasa hapo kuna jambo ambalo sote tulilijua na hakuna aliyekuwa amelitaja. Kwa kina Lévi watu wanaongea Kiswahili kuanzia chai ya asubuhi mpaka sala ya kulala. Na Celestine hana Kiswahili. Ukimwambia habari yako, anakujibu kwa Kiingereza, kwa adabu sana, akitabasamu.

Gaudence ndiye aliyeanza. Akataka kujua kwa nini wazee wawili wanaojua Kiswahili, mmoja wa Kenya na mmoja wa Kongo, wakutane kuongelea mtoto wao kwa Kifaransa ambacho mmoja wao hakijui.

— Kwa sababu ya heshima, Onyancha akasema. Lugha rasmi ya Kongo ni Kifaransa. Mtu akija kwako kwa jambo kubwa, unampokea kwa lugha yake kubwa. Huwezi kumkabidhi binti yako kwa lugha unayonunulia sukuma.

Gaudence akaweka kikombe chini. Kijiwe kizima kikajua asubuhi imeharibika. Akasema kwao, Kiswahili ndicho kilichosomewa Azimio la Arusha, ndicho kinachohubiriwa, ndicho ambacho majaji wanavalia joho, na leo amekaa na mtu mzima aliyesoma anamwambia ni cha kununulia mboga. Nikamuuliza mahakama zao zilikuwa zinaandika hukumu kwa lugha gani mpaka juzijuzi. Akanywa kahawa. Mtanzania ukimshika hapo huwa ana kiu.

Préfet akachukua nafasi hiyo kutufundisha. Nchi yake, akasema, ina lugha nne za taifa na moja rasmi, na hizo ni kazi mbili tofauti. Za taifa ni watoto wa nyumba, wanakaa popote, wanakula kwenye sufuria. Ile rasmi ni mgeni, anapewa kiti kizuri. Hakuna anayempenda mgeni kuliko watoto, lakini siku ya sherehe, donc, nani anakaa mbele? Halafu akaingia kwenye ushahidi, na hapo ndipo Préfet hupotea. Alituhakikishia kwamba ndoa iliyoombwa kwa Kifaransa haivunjiki. Kaka yake mkubwa aliomba kwa Kifaransa, miaka arobaini sasa, mke yuko. Mdogo wake aliomba kwa Kiswahili, mwaka wa pili mke akarudi kwao.

— Huyo mdogo wako si ndiye ulituambia ni mlevi? nikamuuliza.

— Ndiyo. Lakini yule mukubwa naye anakunywaka, na bibi yake hakuenda.

Huwezi kumshinda mtu kama huyo. Gaudence hata hakujaribu, alikuwa ameshaanza ya kwake. Akasema tatizo letu ni kwamba tumekuja kwenye nchi isiyo na uzoefu. Kwamba Amerika yenyewe, pamoja na ukubwa wake wote, ilikaa na Kiingereza zaidi ya miaka mia mbili bila karatasi, mpaka juzi ndiyo wakasaini kwamba ni lugha rasmi.

— Come-we-stay, nikasema, maana kwetu Kenya ndivyo tunavyowaita wanaoishi pamoja bila ndoa.

— Hivyohivyo, dada Kagendo. Na watoto wameshazaliwa, wameshaoa.

Akaendelea. Texas nayo, kwa jinsi alivyosikia kwenye redio akiwa barabarani, haina lugha rasmi yake yenyewe, kwa hiyo nafasi iko wazi, na Kiswahili kiombe. Akataka tuhesabu nani anageuza wagonjwa kitandani kuanzia Dallas mpaka Houston. Nani anapakia maghala, nani anachinja kuku, nani anapitisha malori. Siku wenye Kiswahili wakiamua kununa kwa masaa kumi na mawili tu, alisema, jimbo hili litaamka halijaoga. Hapo, nakiri, nilimuunga mkono. Ijumaa usiku kwenye wodi yangu tulikuwa wauguzi watano, na wanne kati yetu tulikuwa tunasengenya kwa Kiswahili juu ya kichwa cha daktari.

Wakati huo mama mmoja alitoka dukani kwa Carmel na mfuko mzito, kitenge kizuri cha kijani, akauliza kwa Kiswahili cha Kikongo kama anaweza kukaa, anamngojea mtu aliyeenda kutia mafuta. Tukasogea. Préfet akamsalimu kwa heshima zao, Gaudence akammiminia kahawa. Akashukuru, akaweka mfuko miguuni. Nasi tukarudi vitani, maana mgeni kwenye kijiwe huwa ni wa kusikiliza.

Zamu ilikuwa yangu. Nikasema Kiswahili kwetu ni lugha ya taifa, na tangu katiba mpya ni rasmi pia, kimeandikwa pale pamoja na Kiingereza. Lakini tusidanganyane. Mkenya anaongea na meneja wa benki kwa Kiingereza, na polisi kwa Kiswahili, na akifiwa analia kwa lugha ya kwao. Nikawapa kisa cha mzee mmoja niliyemuuguza mwaka ule nilipokuwa nafanya kazi Sugar Land, kule Houston. Profesa, miaka arobaini Amerika, Kiingereza cha kukufanya ujione hujasoma. Siku zake za mwisho kikamtoka chote. Alikuwa anaomba kitu, anaomba, manesi wanamletea mto, wanamletea blanketi. Mimi si Mjaluo, lakini nilikaa Kisumu shuleni, nikamsikia anasema *pi*. Maji. Mzee alikuwa na kiu tangu asubuhi.

— Kwa hiyo, Baba Celestine, nikamwambia, simama kesho uongee Kikisii. Ndicho utakachoombea maji.

Nilidhani nimesema kitu kizuri. Onyancha akakunja karatasi yake mara mbili, akaiangalia, akaikunjua tena.

— Nani atanisikia? akauliza. Wakwe hawakijui. Nyinyi hamkijui. Na yule ninayemwambia mwenyewe hakijui. Nitasimama kwenye sebule yangu niongee na kuta.

Gaudence akamwambia, kwa upole sasa, basi aongee Kiswahili. Aachane na hiyo karatasi. Wakwe watafurahi, watu watacheka, chakula kitaliwa.

Ndipo akatuambia. Na nilimwonea huruma, kwa sababu Onyancha si mtu wa kutoa mambo ya ndani. Alisema akisimama kesho aongee Kiswahili kizuri, nacho anacho, watu wa Lévi watamgeukia Celestine wamwongeleshe, na Celestine atakaa kimya. Halafu watamwangalia yeye. Baba anakijua, mtoto hana, kilienda wapi? Lakini akiongea Kifaransa, sherehe yote itakuwa ya kizungu-kizungu, kila mtu atakuwa anahangaika, na hakuna atakayeona kwamba mtoto hajui. Ataondoka nyumbani kwa heshima angalau siku moja.

— Baada ya hiyo siku moja? nikauliza.

— Baada ya hapo atakuwa jikoni kwa watu, amekaa, wanacheka, hajui wanacheka nini. Na ni mimi.

Kwa wasiosoma Kenya, nieleze. Shuleni kwetu kulikuwa na kibao. Ukikamatwa unaongea lugha ya nyumbani unavalishwa shingoni, unatembea nacho mpaka umkamate mwenzako umpe, na wa mwisho jioni anachapwa. Sote tulikivaa. Onyancha, kwa kuwa alikuwa mwalimu, ndiye aliyekuwa anakigawa. Na alipokuja Texas na mke na mtoto wa miaka mitatu, aliogopa. Aliogopa mtoto atachekwa, atawekwa darasa la nyuma, atafuata kazi za mikono. Akatunga sheria ya nyumba: Kiingereza peke yake. Atakayeteleza ataosha vyombo wiki nzima.

— Celestine alishika sheria wiki ya kwanza, akasema. Hakuwahi kuosha.

— Na Kwamboka? Gaudence akauliza.

— Kwamboka aliosha vyombo miaka kumi na saba.

Mimi nilimjua Kwamboka, nilishika naye zamu, na sikuwahi kusikia habari hiyo. Nikajikuta nimekasirika, sijui na nani, labda na kile kibao. Nikamwambia Onyancha ni mjinga. Akasema anajua. Nikamshika mkono, na akauacha hapo, ndiyo nikajua ameumia kweli.

Préfet, ambaye hawezi kukaa na kimya cha watu wazima, akasema jambo la kufanya ni kuandika hotuba nyingine, ya lugha tatu, yenye utangulizi. Hapo ndipo yule mama wa kitenge cha kijani alipofungua mdomo.

— Munisamehe. Huyo Lévi munasema, ni Lévi wa nani?

— Wa Zéphyrin, Onyancha akasema. Wa Fort Worth.

— Zéphyrin ni bwana yangu. Mimi njo Véronique. Mama Lévi.

Nilitamani ardhi ipasuke imeze angalau Préfet. Onyancha akasimama wima, karatasi mkononi, akajaribu kukumbuka mwanzo wa hotuba yake, *chers*, akaishia hapo. Walikuwa wamekutana wababa tu, mara moja, kwenye mgahawa, watoto wakitafsiri hiki na kile kwa Kiingereza. Siku hiyo mama alikuwa kazini, anatunza wazee.

Véronique akamwomba akae. Akacheka, si kwa dharau, alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge, na tukabaki tunamwangalia. Akatueleza kwa nini. Kwa wiki mbili sasa, mume wake akitoka kiwandani, hali chakula. Anajifungia gereji. Ana karatasi pia. Ameandika hotuba kwa Kiingereza, na Shalom, binti yao mdogo, anamrekebisha kupitia dirisha dogo. Nyumba nzima imekatazwa kelele. Hata redio.

— Kwa nini Kiingereza? Gaudence akauliza, ingawa uso wake ulikuwa umeshajua jibu.

— Anasema kwa ba-Kenya luga ya serikali ni Kingereza. Anasema huyu mzee ni mwalimu, alisoma. Nikimuongelesha Kiswahili yetu ya Uvira, ataona nampelekea mutoto yake kwa batu ya kijiji.

Onyancha akauliza kama ni kweli alisema hivyo. Akaambiwa ni kweli, na zaidi ya hayo, amekonda.

Sasa fikiria. Wazee wawili, dakika ishirini kwa gari kati yao, wote wawili wanaota kwa Kiswahili kwa ninavyojua mimi, kila mmoja amejifungia anajitesa na lugha ya mkoloni wa mwenzake, ili asimdharau. Wazungu wenyewe hawajawahi kuheshimiana hivyo. Nilisema hilo kwa sauti, na kijiwe kikapasuka kwa kicheko, hata Onyancha. Préfet peke yake ndiye aliyekuwa bado anafikiri. Akashauri mpango uendelee kama ulivyo: Onyancha aongee Kifaransa, Zéphyrin aongee Kiingereza, kila upande usielewe sawa na mwenzake, iwe haki. Gaudence akasema basi yeye atakuwa mkalimani, atatafsiri vyote viwili kwa Kiswahili sanifu, na walio tayari kukosolewa wakae mbele. Mimi nikasema mkalimani ni mimi, kwa sababu nina gauni. Tukawa tunagombania kazi kwenye sherehe ambayo watatu kati yetu tulikuwa hatujaalikwa kuongea.

Véronique alitusubiri tuchoke. Alikuwa na subira ya mtu anayelisha wazee kwa kijiko. Tulipochoka, akamgeukia Onyancha peke yake.

— Papa Celestine. Na mutoto, mulimuuliza? Yeye anataka asikie luga gani?

Basi. Saa nzima tulikuwa tumepanga katiba za nchi tatu na jimbo la Texas. Préfet akaangalia viatu. Gaudence akafungua chupa ya kahawa akaifunga. Mimi nilijua Celestine anapenda rangi gani, anapenda keki gani, nilimsaidia kuchagua viatu, na hilo sikuwahi kumuuliza. Onyancha akatikisa kichwa.

Gari dogo jeupe likaingia, likasimama kando ya mlango wa Carmel, na msichana akashuka haraka huku akiweka funguo mfukoni. Alikuwa anamwangalia Véronique tu, sisi hakutuona.

— Mama, unisamehe, nilikawia. Kwa station kulikuwa batu bengi. Ulipata sombe?

Ni Celestine. Kiswahili cha Uvira, chenye ulimi wa Texas, maneno mengine yanateleza, lakini kinatembea. Yule mtoto ambaye kila mwaka ananipigia Krismasi kwa Kiingereza. Halafu akamwona baba yake, ambaye siku kama ile alidhani yuko nyumbani akipanga viti, ameketi kati yetu, na akasimama palepale.

Véronique ndiye aliyelisema. Kila posho, ndivyo wanavyoita Jumamosi, mwaka mzima sasa, Celestine huwa jikoni kwake. Wanapika, wanaongea. Mwanzoni alikuwa anaandika maneno kwenye mkono. Sasa anagombana na Shalom kwa Kiswahili hichohicho. Onyancha akasema, kwa Kiingereza, kwamba Jumamosi Celestine huwa gym. Celestine akasema, kwa Kiswahili, kwamba hajawahi kuona mlango wa hiyo gym.

— Nilitaka usikie kesho, mbele ya batu. Sasa umeniharibia, Papa.

Papa. Siku zote ni Daddy. Onyancha akauliza ni nani aliyemfundisha, na bado ni Kiingereza kilichomtoka. Akajibiwa ni Mama Lévi. Ila kuna maneno, alisema Celestine, alikuta anayo tayari, hakufundishwa na mtu, yalikuwa tu ndani. Sahani. Suuza. Panga vizuri. Mtoto wangu. Nilimsikia Gaudence anavuta pumzi kwa pua. Dereva wa magurudumu kumi na manane, anatoa leso.

Onyancha aliiweka ile karatasi kwenye benchi. Akamuuliza binti yake lile swali ambalo hakuwa amemuuliza, kesho asimame aongee lugha gani, na akamuuliza kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kumfikia. Celestine akafikiri. Ni mtoto wa kufikiri, kama mama yake.

— Ile yenye haufanyii mazoezi.

Sasa hapa ndipo nilipoelewa kitu ambacho katika kelele zetu zote hatukukigusa. Onyancha alitaka kumjibu. Tuliona anataka. Huyu mtu Kiswahili anacho cha kubishana siku nzima, amenishinda mimi mara nyingi, anajua kupatana bei, anajua kutania, anajua kuomba ibadani. Lakini kumwongelesha mtoto wake kwa hicho alikuwa hajawahi. Hata siku moja. Hakuwa na sentensi hata moja aliyowahi kumpa. Midomo ikaanza kuhangaika vilevile, na safari hii hakuna aliyekuwa amemwandikia. Nilitaka kumsaidia. Gaudence pia, nilimwona, akajizuia, na siku ile nilimsamehe masahihisho yake yote. Véronique alikuwa anaangalia mfuko wake, ili mzee asione anaangaliwa.

Gari likapita barabarani. Jamaa wa matairi akawasha mashine yake, akaizima. Onyancha akamwangalia binti yake kutoka kwenye viatu mpaka kwenye nywele, taratibu, kama ndiyo kwanza ameshushwa kwenye ndege.

— Umekula? akamuuliza.

Celestine akaweka mkono mdomoni.

— Bado, Papa.

Nikasogea, ili akae karibu na baba yake.